Ualimu Marekani: North Carolina au Texas?

Chaki_Kavu
Wakuu, nina ofa mbili na jibu linatakiwa Ijumaa. North Carolina ni kwa J-1, ile viza ya muda ya mpango wa kubadilishana. Texas mshahara umezidi kidogo, na wakala anasema naanza na J-1 kisha wilaya ya shule, yaani mwajiri, inanigeuzia H-1B, viza ya kazi ya wataalamu. Niende wapi?

KobeMzee
Mkuu, hujatupa la kushika. Somo gani, ngazi gani, una familia? Wakala anadai kiasi gani? Na hizo ofa kaandika nani, wilaya au wakala?

Chaki_Kavu
Hisabati sekondari, miaka 6 kazini. Mke na watoto wawili. North Carolina barua ya wilaya ipo. Texas bado ni WhatsApp. Wakala anataka dola 7,500, nusu kabla ya viza.

MamaRejista
Hapo kwenye "kugeuziwa" pana mitego. Tangu Septemba 2025, ombi jipya la H-1B kwa aliye nje ya Marekani linadaiwa dola 100,000, ndiyo maana anakupitisha J-1. Kubadili ukiwa ndani hakudaiwi hizo, ila unaingia bahati nasibu ya nafasi 85,000 za nchi nzima. Vyuo vikuu vimesamehewa bahati nasibu hiyo, wilaya za shule kwa kawaida hazimo kwenye msamaha. Halafu baadhi ya wenye J-1 wana sharti la kurudi nyumbani miaka 2. Likikugusa, H-1B usahau mpaka ulitimize au usamehewe. Litazame kwenye DS-2019, fomu ya J-1 yako, kisanduku cha chini kushoto. J-1 ya mwalimu ni miaka 3, ikirefushwa sana ni 5.

Na mkeo: kwa J-2, viza ya familia ya mwenye J-1, anaomba kibali na kufanya kazi. Kwa H-4, ya familia ya mwenye H-1B, anakaa tu mpaka ombi lako la ukazi wa kudumu lifike mbali.

Msumari
Bado H-1B ndiyo viza ya mwalimu. J-1 ni utalii wa kushika chaki.

KobeMzee
H-1B nayo ina majeruhi wake. Prince George's County, Maryland, iliajiri walimu wa nje zaidi ya 1,000, wengi Wafilipino. Ada za H-1B kisheria ni mzigo wa mwajiri, lakini walimu ndio waliozilipa. Wizara ya Kazi ikaingilia, na mwaka 2011 wilaya ikakubali kuwarudishia kama dola milioni 4.2. Watu wakashangilia. Kumbe adhabu ilikuwa na kipande cha pili: wilaya kufungiwa kuomba viza miaka 2. Muda wa viza za walimu ulipoisha, hakuna wa kuwaongezea. Waliodhulumiwa ndio waliofungasha.

Jirani_wa_Pili
Tuje kwenye mfuko. Jedwali la mishahara liko kwenye tovuti ya kila wilaya. Tafuta mstari wa miaka 6, na uulize kama uzoefu wa nje unahesabiwa, la sivyo unaanza sifuri. Makato ya FICA (pensheni na bima ya afya ya uzeeni), asilimia 7.65, J-1 hukwepa miaka 2 ya kalenda. Ukifika Agosti, miezi mitano hiyo inahesabiwa mwaka mzima.

Uliza pia nafasi inalipwa na fungu gani. Zile dola kama bilioni 190 ambazo serikali kuu ilizipa shule wakati wa korona zilifikia ukomo Septemba 2024, na wilaya zilizoajiri kwazo zinapunguza watu. Chama cha walimu hakitakuokoa: majimbo yote mawili yanakataza walimu kujadiliana mikataba kwa pamoja.

Msumari
Texas angalau simu zimepigwa marufuku shuleni tangu 2025. Darasa linafundishika.

MamaRejista
Simu ndiyo shida ndogo. Subiri upewe wanafunzi sita wenye IEP, yaani mpango maalumu wa elimu wa mtoto mwenye ulemavu, darasa moja. Ile karatasi ni sheria. Ikisema muda wa mtihani mara moja na nusu, ukamnyima, umeiingiza wilaya matatani. Na kumsimamisha masomo mwanafunzi huyo zaidi ya siku 10 mfululizo lazima kwanza kikao kiamue kama kosa limetokana na ulemavu wake.

Msumari
Simu ni shida kubwa. Mtoto anarekodi, jioni uko TikTok.

Chaki_Kavu
Wakala kapiga sasa hivi. Texas si hisabati tena, ni sayansi darasa la tano. Anasema haina tofauti.

KobeMzee
Leseni inafuata somo na ngazi. Barua iko wapi?

Msumari
Sayansi ya tano rahisi, mkuu. Nenda.

Jirani_wa_Pili
North Carolina ni mjini au shamba? Kama shamba, hakuna daladala huko, tenga hela ya gari.