Naomba ushauri: pikapu gani ya gitaa itanipa sauti iliyojaa?

Solo wa Kwaya (mleta mada)

Wakubwa shikamooni, wengine habari za mchana.

Mimi ni mpiga solo wa kwaya hapa Dodoma. Gitaa langu ni la umeme, la umbo la Les Paul, lina pikapu mbili (vile vinasa sauti vya chini ya nyuzi) za aina ya hambaka, yaani zenye koili mbili kila moja: ya shingoni na ya darajani. Shida ni hii ya darajani. Sauti yake nyembamba, inachoma masikio, haina kifua. Nyuzi tatu nene utadhani nimezifunika kitambaa. Tukiingia kwenye sebene kinanda kinanimeza, na nikiongeza volyumu mwalimu wa kwaya ananigeukia kakunja uso.

Nimesoma usiku kucha siku nne, nimebaki na tatu: Seymour Duncan SH-6 Distortion, SH-4 JB na DiMarzio Tone Zone. Moyo umeangukia SH-6 kwa sababu ina kilo-omu 16 na ushee, wakati za kawaida zinacheza kwenye 8. Uzinduzi wa albamu ni wiki tatu zijazo, sina nafasi ya kukosea. Bei si tatizo. Naomba waliowahi kubadilisha waniambie ukweli.

Naomba kuwasilisha.

Kipanga wa Sinza

Pikapu yenye sauti iliyojaa ni Hilux ya dizeli mkuu. Ukiiwasha alfajiri mtaa mzima unajua umeamka.

Mama Shukrani

Kipanga, mwenzio ana shida ya gitaa, soma kwanza.

Mwanangu, mimi naimba sauti ya kwanza mwaka wa 19 huu. Waimbaji hatujawahi kulia kwamba gitaa halisikiki, tunalia kwamba maneno hayasikiki. Kila mpigaji anataka sauti yake iwe juu ya ya mwenzake, mwisho wake ibada inageuka ugomvi wa vyombo. Kabla ya kununua kifaa kaa na mpiga kinanda mgawane nafasi.

Fundi Waya

Mleta mada, nijibu matatu kabla hujatoa hela. Unapigia ampu gani? Nyuzi zako ukubwa gani? Na ukibonyeza waya kwenye freti ya mwisho, pikapu iko umbali gani na waya huo? Ikiwa imekaribia sana au imeshuka sana, bisibisi ya bure inaweza kumaliza kesi.

Halafu hizo kilo-omu zisikupotoshe. Ule ni ukinzani wa waya uliozungushwa, basi. Waya mwembamba una ukinzani mkubwa hata kama mizunguko si mingi. Unene wa sauti unatokana na mambo mengi kwa pamoja: mizunguko, aina ya sumaku, mahali pikapu ilipokaa. SH-6 ina sumaku ya seramiki, ina nguvu na ukali wa kukata kelele za ngoma za roki. Mtu anayetaka kifua bila kuchomwa masikio ningempeleka kwenye sumaku ya alniko, ile aloi ya alumini, nikeli na kobalti, hasa alniko 2 ambayo ni laini zaidi.

Babu Ridhimu

Mmenikumbusha mbali. Mimi nimekulia Morogoro, enzi Mbaraka Mwinshehe yuko hai, sisi watoto tukisikiliza dansi kwa nje kwa kuwa kiingilio hatuna. Baadaye nami nikashika ridhimu kwenye bendi ndogo. Siku moja koili ya gitaa letu ikakatika. Pikapu mpya utaipata wapi? Tukampelekea fundi redio. Akavunja transfoma mbovu, akatoa waya mwembamba kama unywele, akaanza kuzungusha kwa mkono. Kila mizunguko mia anaweka punje moja ya mahindi kwenye kisahani. Alipofika punje hamsini akasema inatosha. Nakumbuka vidole vyake vilivyokuwa vyekundu kwa rangi ya ule waya. Gitaa lile lilipiga miaka sita.

Kijana, sauti iko kwenye vidole.

Fundi Waya

Mzee Babu, huyo fundi alijua anachofanya. Hambaka za kwanza kabisa za Gibson, alizobuni Seth Lover mwaka 1955, zilikuwa na mizunguko kama elfu tano kila koili. Punje hamsini ni zenyewe.

Mleta mada, nasubiri majibu yangu.

Solo wa Kwaya

Ahsanteni wote. Nyuzi ni namba 9. Umbali nimepima kwa rula ya mtoto, ni kama milimita 2. Kuhusu ampu, hapo hakuna tatizo kabisa, mfumo wetu wa sauti ni mpya, umenunuliwa mwaka jana.

Narudi kwenye swali: SH-6 au JB?

Fundi Waya

Sijauliza mfumo wa kanisa. Nimeuliza gitaa linaingia kwenye ampu gani.

Nyuzi Sita

Hata mimi nimeona kaliruka. Mimi nina JB, naipenda, ila ina katikati ya juu kali. Kwenye gitaa langu la mti mzito inakaa vizuri, la rafiki yangu mti mwepesi ikawa kama filimbi. Tone Zone ndiyo yenye besi nyingi kati ya hizo tatu.

Solo wa Kwaya

Sawa, nasema. Sina ampu. Nachomeka waya kutoka kwenye gitaa moja kwa moja kwenye miksa, chaneli ya 7. Lakini besi letu nalo linachomekwa hivyohivyo kwenye chaneli ya 8 na linanguruma vizuri tu, kwa hiyo miksa siyo tatizo. Tatizo ni pikapu. Ndiyo maana sikutaka kulileta hilo, nilijua mtaniambia ninunue ampu ambayo sina uwezo nayo.

Fundi Waya

Hilo besi lina betri nyuma?

Solo wa Kwaya

Ndiyo, moja ya volti 9.

Fundi Waya

Basi jibu lako hilo. Besi lenye betri lina kikuza sauti ndani yake, halijali linachomekwa wapi. Gitaa lako halina. Pikapu yako inataka kuingia kwenye mlango wenye ukinzani wa kama megaomu 1. Mlango wa laini wa miksa nyingi una kilo-omu 10 au 20. Ni sawa na kumpa mtoto gunia la mzee abebe. Nguvu inaisha, uhai wa sauti unakufa, ndiyo kile kitambaa unachokisikia. Wewe unafidia kwa kupandisha geni (nguvu ya kuingia) na trebo (sauti za juu). Trebo ya chaneli 7 imesimama wapi?

Solo wa Kwaya

Imebaki kidogo ifike mwisho.

Fundi Waya

Umeona. Spika ya gitaa ya inchi 12 kwa kawaida inaanza kuanguka ukivuka kilohezi 5, inakata yale makwaruzo ya juu yenyewe. Spika za kanisa zina twita, zile spika ndogo za sauti za juu, zinayatoa yote. Kwa hiyo unachopandisha ni makwaruzo. Na sikiliza hili vizuri: pikapu yenye mizunguko mingi inaumizwa zaidi na mlango wa aina hiyo. Ukiweka SH-6 kwenye chaneli 7 kitambaa kitakuwa blanketi.

Solo wa Kwaya

Nakuelewa fundi, lakini kila niliyemsikia mtandaoni kabadilisha pikapu na sauti ikabadilika. Sidhani wote wamekosea. Tena nimeshatanguliza laki mbili kati ya laki nne na nusu kwa muuzaji wa Kariakoo, tangu Jumatatu. Anataka salio Jumamosi ndipo atume kwa basi. Na hela yenyewe ni mchango wa wanakwaya.

Mama Shukrani

Mchango! Na wanajua umetanguliza?

Mzee wa Data

Hii ni chai. Bandiko la kwanza bei si tatizo, sasa ni mchango. Kwanza ampu haina tatizo, sasa ampu haipo. Anaomba ushauri kumbe kashalipa. Akaunti ina siku tano. Huyu ndiye muuzaji mwenyewe, katuwekea majina ya pikapu tatu, kesho mtaona namba ya simu.

Kipanga wa Sinza

Chai bila maandazi haishuki. Nasogeza kiti.

Nyuzi Sita

Na mimi naanza kuingiwa na wasiwasi. Umebandika kila kitu isipokuwa gitaa lenyewe.

Solo wa Kwaya

Simu yangu ni ya vitufe vya kawaida, hapa naandika kwa kompyuta ya ofisini. Mlio karibu nami njooni mlione. Ni jekundu lililopauka pale mkono unapolala. Kitufe cha volyumu kina ufa, nimekizungushia uzi wa kushonea. Kifuniko cha nyuma kimebaki na skrubu moja. Jana nimeazima mita kwa fundi redio, nikachomeka waya kwenye gitaa, nikafungua volyumu yote, nikapima ncha ya pili ya waya: 7.9.

Bei nilisema si tatizo kwa sababu niliona aibu. Watu 32 wametoa hela, wengine elfu tano tano, kwa sababu niliwaambia gitaa letu likibadilishwa kifaa kimoja albamu itasikika kama za Dar. Nikikosea nitawaangalia vipi? Sikuja kuuza kitu hapa.

Babu Ridhimu

Namwamini. Muuzaji hawezi kujua habari ya uzi wa kushonea.

Fundi Waya

Namwamini pia. Na 7.9 maana yake pikapu yako ni nzima, waya haujakatika popote. Fanya jambo moja kabla ya Jumamosi: lichukue gitaa hilohilo, katafute mahali penye ampu ya gitaa, trebo uiweke katikati. Piga, kisha urudi hapa.

Solo wa Kwaya

Wakuu, nimerudi. Jana jioni nilikwenda Area C, kuna bendi inafanya mazoezi ukumbini. Nimewaomba dakika tano, wakanipa ampu ya spika moja ya inchi 12. Nilipiga ule waya wa sita wazi, nikausikia tumboni. Nikapiga sebene ya wimbo wetu wa tatu, mpiga besi wao akaniunga bila kuambiwa. Gitaa ni lilelile, pikapu ileile. Nilibaki nimekaa juu ya boksi la spika, nashindwa hata kushukuru.

Muuzaji amegoma kurudisha hela. Ila amekubali nichukue kisanduku cha DI cha kuunganisha gitaa na miksa, kile kinachotumia umeme, mlango wake megaomu 1, na kipedali kidogo chenye uigaji wa spika ya gitaa. Jumla haizidi laki mbili zile zile. Salio sitalipa. Pikapu bado naitamani, sitadanganya, lakini siyo kabla ya uzinduzi.

Fundi Waya

Umefanya vyema. Mpangilio ni huu: gitaa, kipedali, DI, halafu waya wa maiki hadi miksa. Washa ile fantomu ya volti 48 ya chaneli 7, ule umeme wa miksa unaolisha DI, ukiwa umeshusha fada (kitelezi cha sauti), la sivyo spika zitapiga kishindo. Trebo irudi katikati kabla hujagusa chochote. Ukija kutaka pikapu baadaye, tafuta SH-11, ina alniko 2.

Mama Shukrani

Wanakwaya umewaambia?

Solo wa Kwaya

Bado mama. Mazoezi ni kesho saa kumi. Nitafika saa tisa nifunge vyombo, wakiingia nianze kwa kuwaambia, ndipo nipige.

Mzee wa Data

Nisamehe mkuu, nilikuhukumu haraka. Nina gitaa uvunguni mwaka wa tatu, niliacha kupiga kwa sababu hiyohiyo ya sauti nyembamba. Nami nilikuwa nachomeka kwenye miksa.