Naomba ushauri: mama ameombwa ajiunge na utafiti wa dawa za maumivu

Ndugu zangu, mama yangu, mkaazi wa Likoni, anatarajiwa kufanyiwa upasuaji wa goti wiki ijayo, na ameombwa ajiunge na utafiti wa kutuliza maumivu. Wagonjwa wote watapewa parasetamoli na mofini kama kawaida, ila kundi moja litaongezewa sindano ya ganzi karibu na mshipa wa fahamu wa mguu, na jingine litachomwa maji ya chumvi tu. Makundi yatagawanywa kwa bahati nasibu, na si mama wala muuguzi atakayemwuliza kiwango cha maumivu, kuanzia 0 hadi 10, atakayejua amepata ipi.

Hapo ndipo penye uzito. Mama asema hakuvuka feri kwenda kuchomwa maji ya chumvi. Nimemweleza kwamba Azimio la Helsinki la mwaka wa 1964, yaani mwongozo wa kimataifa wa maadili ya utafiti wa tiba kwa binadamu, ambalo limerekebishwa mara kadhaa, linampa haki ya kujitoa wakati wowote, lakini fomu ya ridhaa tuliyopewa imeandikwa kwa Kiingereza kitupu, nami si tabibu.

Je, nina haki ya kudai fomu ya Kiswahili kabla mama hajatia sahihi? Akidhurika, ni nani atakayegharamia matibabu yake? Na akiamka usiku wa manane goti likimwaka, ataongezewa dawa papo hapo, au itabidi kwanza angojewe mtafiti? Aliyewahi kuuguza mtu katika utafiti wa namna hii, tafadhali anieleze.