Stresi ya mitihani na watoto kuonewa bwenini, vinahusiana?

Mama Tusa: Wakuu habari za jioni. Kijana wangu yuko form two, bweni. Muhula mzima maksi zinashuka na kila nikimpigia kupitia simu ya patroni ananiambia tumbo linauma. Sasa yuko likizo ndo kafunguka, kuna wenzake wanamfulisha nguo zao na wanamnyang'anya daftari usiku wa kuamkia test, na hao wenyewe ndo wale wanaochapwa kila wiki kwa kufeli. Hivi ni stresi ya masomo au ni tabia tu?

TichaWaBaiolojia: Pole sana dada. Stresi inachangia, tena sana. Mtihani wa taifa wa form two ukikaribia huwa naiona mwenyewe, maana asiyefaulu anakariri darasa. Necta, baraza la mitihani hapa Tanzania, waliacha kutangaza kumi bora 2023, safi kabisa, ila huku shuleni test bado inabandikwa ukutani wa kwanza mpaka wa mwisho jina kwa jina, mtoto anachekwa mchana kutwa, anachapwa, usiku taa zikizimwa anamtafuta mnyonge wa kumalizia hasira. Lakini wanaofeli bila kumgusa mtu ni wengi zaidi, kwa hiyo wasikwambie "ni presha tu" halafu yaishie hapo. Na huyo wako naye hawezi kusoma akiwa anawaza nani anamsubiri bafuni, hizo maksi na hilo tumbo vinatoka huko huko.

Kijana wa Nakuru: Kwetu Kenya viboko vilipigwa marufuku 2001 na bado enzi zetu mono, yaani form one mgeni, alikuwa anateswa vibaya, so si kiboko peke yake. Walionisumbua mimi walikuwa wamesumbuliwa wakiwa form one, wakasema ni zamu yao.

Mama Tusa: Asanteni. Naogopa nikienda shuleni ataitwa msnichi, yaani mchongezi, wakammalizie huko.

TichaWaBaiolojia: Usiende siku ya kufungua wazazi wakiwa wamejaa. Nenda kabla, kaa na mkuu wa shule na mwalimu wa malezi, omba ahamishwe bweni na mwalimu awe anapita wakitoka prepo, masomo ya usiku, mpaka wanapolala, hapo ndo panapoharibika. Kijana asiitwe mbele ya wenzake kutaja majina. Wakikuzungusha piga 116, namba ya msaada kwa watoto, ni bure. Na hao wanaomwonea waulize shule wanasaidiwaje masomo, wakiongezewa fimbo tu atakayelipia ni mwanao.