Elisabethville au Lubumbashi?

Swali: Wandugu, naandika historia ya ukoo wetu. Babu alikuwa mfanyakazi wa Union Minière, kampuni ya madini huko Katanga, Kongo. Kitabu chake cha kazi cha 1954 kina muhuri wa Elisabethville, wino wa zambarau. Mji ukaitwa Lubumbashi 1966. Niandike lipi?

Jibu: Fuata mwaka. Kwa mfano, Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, aliuawa Januari 1961 karibu na Elisabethville, ndivyo hati za wakati ule zinavyosema. Mara ya kwanza tu ongeza "Lubumbashi ya leo".

Jibu: Mimi nakataa kabisa. Elisabethville ni jina la malkia wa Ubelgiji, na mto Lubumbashi ulikuwapo kabla yake. Wajukuu wasome Lubumbashi. Muhuri ubaki kwenye picha.

Muulizaji: Asanteni sana. Nachukua Lubumbashi, ila maneno ya hati sitayagusa. Na mji wa Jadotville, ambao leo unaitwa Likasi, niandike Likasi?