Askari wa zamani wa Space Marine: wa madini ya risasi waliopakwa rangi, au boksi la plastiki?

Brashi_Sifuri: Wakuu, habari zenu. Kuna mtu anauza visanamu vyake vya kale vya Space Marine, wale askari wa mchezo wa mezani wa Warhammer 40,000, nina hadi Jumapili kumjibu. Fungu moja ni la chuma, limeshapakwa rangi. Jingine ni boksi la plastiki, lile lenye namba RTB01, halijaguswa. Uwezo wangu ni fungu moja. Nichukue lipi?

BabuWaBolta: Swali nusu. Wako wangapi? Unataka kucheza au kupamba kabati? Picha ziko wapi?

Mdau_Titan: Boksi, bila kufikiri. Lile la 1987 lina askari 30, mikono na silaha unapachika upendavyo.

BabuWaBolta: Plastiki! Ukipiga chafya jeshi zima limelala.

Kutu_Haipo: Kwanza si chuma. Visanamu vya enzi hizo ni risasi iliyochanganywa na bati. Pili, rangi mbaya ikikushinda, wa risasi unawaloweka kwenye asetoni wanatoka safi. Wa plastiki ukiwatia humo unapata uji.

Mama_Vanishi: Risasi nayo ina kisirani chake. Nilikuwa na kikosi nilichokipaka kwa miezi, macho hadi vifungo. Nikakiweka kwenye kabati la mwaloni lenye kioo, limefungwa hewa isipite, eti nakikinga na vumbi. Mwaka wa tatu nikaona unga mweupe unachungulia chini ya rangi, miguuni kwa sajini. Nikaupuliza. Mguu ukaondoka nao. Kumbe mwaloni hutoa mvuke wa asidi ileile ya siki, na risasi haiuvumilii. Kumi na mmoja walikwisha hivyo. Unga wenyewe ni sumu, msiupulize kama mimi.

Mdau_Titan: Nilisema nini?

Brashi_Sifuri: Samahani, nilisahau. Wa risasi wako 14. Nataka kucheza. Mwenyewe aliwapaka 1989 akiwa mwanafunzi, rangi nene kweli.

BabuWaBolta: Rangi ya 1989 usiiguse, mkuu! Hiyo ndiyo thamani yenyewe.

Kutu_Haipo: Thamani gani? Rangi ya mwanafunzi imeziba nakshi zote. Bandua, anza upya kwa tabaka jepesi.

BabuWaBolta: Nyie ndio mnaopaka upya kila kitu halafu mnalalamika vya kale vimeadimika.

Kutu_Haipo: Tusigombane, mzee. Brashi, mwambie akuonyeshe ule ulimi wa chini ya miguu unaoingia kwenye besi, yaani kitako cha kisanamu. Mingi ina jina la Citadel, watengenezaji wenyewe, na mwaka. Ila mwaka huo ni wa hakimiliki, kisanamu chenyewe huenda kilimiminwa baadaye.

Brashi_Sifuri: Nimemuuliza. Kasema besi zote amezigandisha kwa gundi, ulimi hauonekani. Picha amenitumia moja, wamepangwa kabatini. Naona kama mbao ya mwaloni.

Mama_Vanishi: Omba picha ya miguu. Ya karibu.

Mdau_Titan: Na kabati analiuza?