Wahojiwa wananijibu "kawaida tu", niongeze watu au nibadili maswali?

Zamu_ya_Usiku
Wakuu habari zenu, naombeni msaada kwa wenye uzoefu na utafiti wa jamii. Tasnifu yangu inahusu wauguzi wanaofanya kazi usiku na nimechagua mahojiano ya ana kwa ana, shida majibu ni mafupi mno. Nauliza "je, unaridhika na mazingira ya kazi?" mtu anasema "kawaida tu, tunashukuru", nikiuliza changamoto ananambia "hazikosekani". Supavaiza kasoma akasema data nyepesi, basi. Sasa niongeze wahojiwa au tatizo ni maswali yenyewe?

Mdadisi
Mkuu usiongeze mtu kwanza. Hayo ni maswali ya dodoso unayasoma kwa mdomo, na swali la dodoso linaleta jibu la dodoso. Acha kumuuliza anaonaje, muulize nini kilitokea. "Hebu nisimulie zamu yako ya mwisho, tangu ulipopokea wodi mpaka ulipokabidhi." Hapo kawaida tu haitoshi, ataanza kusema tulikuwa wawili wodi nzima, saa nane mgonjwa akabadilika, daktari hapokei simu, na wewe shika hapohapo, "alipokuwa hapokei ukafanyaje?" halafu nyamaza. Nyamaza kweli, usimtafutie neno, wahoji wengi wanaua jibu zuri kwa kuwahi swali linalofuata.

Na hili watu walishaliona zamani. Kiwanda cha Hawthorne cha Western Electric, karibu na Chicago, kati ya 1928 na 1930 walihoji wafanyakazi zaidi ya 20,000. Walianza na maswali ya kupangwa, watu kila mara wanatoka nje ya swali wanaenda kwenye yanayowagusa wao, mwisho wakaamua mfanyakazi achague mwenyewe cha kuongea na mhoji asikilize bila kumkatisha, mahojiano yakarefuka kutoka kama nusu saa mpaka saa moja na nusu. Kwa hiyo muuguzi akianza habari za usafiri wa alfajiri usimvute arudi kwenye mwongozo, pengine kwake hiyo ndo sehemu ngumu ya zamu.

Bi_Kalamu
Naunga mkono ila si maswali tu. Mnakaa wapi mkihojiana, na nani kakupa hao watu? Kama matroni ndo kawachagua na mnaongelea ofisini kwake, "tunashukuru" ndo jibu salama pekee na mimi ningelitoa hilohilo. Tafuta sehemu nyingine, isome fomu ya ridhaa taratibu, mwambie anaweza kuruka swali lolote.

Kuhusu idadi, mtafiti Guest na wenzake walipochambua mahojiano 60 ya wanawake wa Ghana na Nigeria (ilitoka 2006) waliona mada za msingi zimeshatokea kwenye 6 ya mwanzo, na kufika 12 sehemu kubwa ya mengine yote ipo. Lakini hao walikuwa wanafanana na waliulizwa yaleyale, usiibebe 12 kama sheria.

Zamu_ya_Usiku
Asanteni sana, kweli matroni ndo aliwapanga. Kuna mmoja nilivyozima kurekodi tu akaanza kufunguka kuhusu vifaa kuisha usiku, maneno mazito kuliko yote aliyosema mwanzo. Naruhusiwa kuyatumia?

Bi_Kalamu
Mrudie umuombe ridhaa kwa hayo hasa, maana pengine alisubiri uzime ndo aseme. Akikubali yaandike mapema kabla hayajakutoka kichwani na uweke wazi kwamba ni kumbukumbu yako, sio maneno yake neno kwa neno. Akikataa yaache kabisa, hata kwa kuficha jina, wodi ni ndogo watamjua.

Mdadisi
Hapo sawa kabisa. Na usimwambie anayefuata "nimesikia vifaa vinaisha", utakuwa umetoboa siri ya mwenzake na umempa jibu mkononi. Mwache asimulie zamu yake, kama vifaa viliisha atafika tu hapo mwenyewe.