Grafu ya 2x + 3y = 12, doti ya tatu inagoma kukaa kwenye mstari

msomaji_wa_jioni:
Habari wakuu. Nimerudi shule ukubwani, nataka nirudie form four kama private, sasa nimekwama kwenye grafu. Mlinganyo ni 2x + 3y = 12. x ikiwa 0 napata 4, y ikiwa 0 napata 6, nikaweka doti kwenye 4 na kwenye 6 nikapiga rula, mstari safi kabisa. Nikasema ngoja nijaribu na x = 3, ikaja y = 2, nikiiweka inakaa nje ya mstari, sio mbali ila iko nje. Nimefuta mpaka karatasi imetoboka. Hesabu nimerudia mara tatu ziko sawa, nakosea wapi?

chaki_na_ubao:
Hesabu ziko sawa mkuu, shida ni ulipoziweka. Hiyo 4 umeiweka mhimili upi? Nahisi wa x. x ikiwa 0 maana yake hujaenda kulia wala kushoto, unapanda juu tu, kwa hiyo 4 ni ya y, yaani (0, 4), na 6 ndo ya x, (6, 0). Ukiandika "x = 0, 4" kwenye daftari halafu ukaja kuchora, jicho linaona x na 4 basi. Jaza jedwali kwanza, x juu y chini, ndo uguse grafu.
Mstari wako ukifika x = 3 unasoma 1.5 badala ya 2, ndo maana doti ilikuwa jirani. Na umefanya la maana kutafuta ya tatu, maana doti mbili hata uziweke wapi rula itaziunga tu.

msomaji_wa_jioni:
Duh, kweli, 4 iko kwenye x 😂 siku mbili zimeenda hivi hivi

mama_wa_genge:
Mi hesabu zilinishinda ila hii naiona kama hela. Chukulia x ni kilo za unga, kilo moja 2,000, y ni kilo za sukari, kilo moja 3,000, una 12,000 mkononi. Ukinunua unga mtupu unapata kilo 6, sukari tupu kilo 4. Kwa ule mchoro wako wa kwanza sukari kilo 6 kwa 12,000, hilo duka nielekeze na mimi. Na ndo maana mstari unashuka, ukiongeza unga lazima sukari ipungue.

chaki_na_ubao:
Mama umemaliza kila kitu. Ukiongeza kilo 3 za unga zinatoka kilo 2 za sukari, hiyo ndo gredienti, yaani mteremko wa mstari, −2/3. Ukiupanga ule mlinganyo unakuwa y = −(2/3)x + 4, anzia 4 kwenye y, nenda 3 kulia shuka 2, umefika (3, 2), rudia tena umefika (6, 0).

rula_fupi:
Ila hesabu namba za kwenye mhimili sio viboksi, kama skeli ya x na ya y hazifanani utapotea tena.

msomaji_wa_jioni:
Imekaa sasa, zote tatu ziko kwenye mstari. Swali linalofuata limeandikwa y = 4 tu, x haipo kabisa, hili naanzaje?

mama_wa_genge:
Sukari kilo 4 hata unga ununue kiasi gani 😄

chaki_na_ubao:
Ndo hivyo hivyo, mstari umelala pale kwenye 4.